Kitako cha Kompyuta ya Shangazi

Watu wengi waliofika kwenye kibanda changu pale Majengo, Dodoma, walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi, na mimi nimekaa mbele yao na chuma cha kulehemu mkononi. Nilikuwa nawajibu, "Katoka kidogo, lakini kaniachia akili zake," kisha naifungua redio yao na kuitengeneza wakitazama. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ya kila aina ilikuwa ikiingia nchini. Zilitangulia nguo, zikafuata friji, kisha zikaja kompyuta. Mafundi wenzangu, wote wanaume na mimi mwanamke peke yangu, walizikwepa. Mimi sikuona cha kuogopa, maana umeme ni ule ule, na mita yangu ya kupimia haijawahi kunidanganya.

Nilizozipenda zaidi ni zile laptopu za mwanzo mwanzo, nene na nzito, ukiiweka mapajani miguu inakufa ganzi. Nyingi ziliachwa na wataalamu wa miradi waliokuwa wakifunga ofisi na kurudi kwao. Huko ofisini kila moja ilikuwa na kifaa chake cha kukalia, kipana kama sinia, chenye soketi ndefu kwa nyuma. Unaisukuma laptopu hapo mpaka inashika, na papo hapo inapata umeme, kibodi kubwa na printa, bila kuhangaika na waya mmoja mmoja. Wenyewe walikiita doking stesheni. Sisi Majengo tulikiita kitako. Taabu ni kwamba kila toleo la laptopu lilikuwa na kitako chake, na waliouza laptopu mahali pamoja waliuza kitako mahali pengine kabisa. Hapo ndipo nilipopatia jina mjini. Kitako cha toleo hili nilikikalishia laptopu ya toleo lile, na zikaelewana.

Sasa shangazi yangu. Ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea nyumbani kwake Makole. Alikuwa katibu muhtasi katika shirika la umma mpaka lilipobinafsishwa, wakampunguza pamoja na wenzake wengi. Ukitaka kujua kupunguzwa kunavyouma, mtazame mtu aliyezoea kuulizwa kila kitu ofisini akiwa amekaa uani, anachambua mchele aliokwisha kuuchambua. Majirani wakimwuliza kama amepata pengine, anageuza maneno, anauliza habari za watoto wao. Mimi nilikuwa naumia, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Kisha mlango wa riziki ukafunguka kidogo. Mtaalamu mmoja wa maji ambaye shangazi alikuwa akimpigia chapa ripoti zake aliondoka nchini akamwachia laptopu. Na mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Kikuyu, hapo hapo mjini, mzee mstaarabu aliyemfahamu tangu yuko ofisini, alikuwa amechoka kupeleka mitihani yake Dar es Salaam kuchapwa. Ilikuwa ikirudi imechelewa, na mara nyingine imewafikia wanafunzi kabla ya kumfikia yeye. Akamwambia shangazi kwamba atakuja nyumbani Jumamosi amwone anavyofanya kazi. Akiridhika, mitihani yote ya shule ni yake. Asiporidhika, itaendelea kupanda basi.

Shangazi alinijia kibandani na laptopu ameifunga ndani ya khanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, herufi A haiandiki."

Nikaifungua. Kibodi yake ilikuwa imeliwa na kutu, na tundu la kuchomekea kibodi ya nje lilikuwa limeungua, halifai hata kwa dawa. Kwa Kizungu pengine mtu angejikongoja, lakini kwa Kiswahili bila A utaandika nini? Hata neno la kumwambia mwanafunzi ajibu maswali yote huliandiki. Njia ilibaki moja, kitako, na nilikuwa nacho kimoja cha kampuni ile ile, toleo jingine.

"Kitaingia?" akauliza.

"Hakiingii. Nitakiingiza."

"Usije ukaniharibia, hiki ndicho nilichobakiwa nacho."

"Shangazi, wewe nenda kapike. Hii niachie mimi."

Nilianza na mita, maana anayeanza na tupa huishia kulia. Nikafuata njia za umeme kwenye soketi, mguu kwa mguu, mpaka nikajua upi unaleta umeme na upi unaleta herufi. Kwa umeme laptopu na kitako vilikuwa sawasawa. Ugomvi ulikuwa wa umbo tu. Vile vijiti viwili vya chuma vya kuongoza laptopu vilisimama mahali pasipo na tundu, na tumbo la laptopu lilikuwa nene mno. Nikavikata vijiti. Nikakwangua plastiki kwa tupa, kidogo kidogo, najaribu, naitoa, nakwangua tena. Upande wa mbele nikauinua kwa vipande vya mninga nilivyoomba kwa seremala jirani, nikavipiga msasa mpaka laptopu ikalala sawa. Nilipoisukuma ikaingia kwa mlio mmoja mdogo, ule mlio ambao fundi yeyote anaujua hata akiwa amefumba macho. Taa ya kijani ikawaka. Nikachomeka kibodi ya nje kwenye kitako, nikapiga A mstari mzima, nikajipongeza peke yangu kwa sauti, na muuza karanga aliyekuwa akipita akanitazama kwa huruma.

Jumamosi nilifika Makole mchana, nikamkuta mkuu wa shule amekwisha kuketi na chai yake. Shangazi yuko mezani anapiga chapa mtihani wa jiografia, na karibu na ukuta pale nyuma printa niliyomwazima inasubiri. Kisha nikaitazama mashine yenyewe. Kitako changu chote, pamoja na matundu yake ya kupumulia, kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kimenyooshwa kwa pasi.

Sikushangaa sana. Sebuleni kwa shangazi kila kitu kilikuwa na kitambaa chake: redio, televisheni, makochi, jagi la maji. Na vumbi la Dodoma si la mchezo, upepo ukianza utalikuta mpaka ndani ya sukari. Lakini redio haitoi joto kama kile kitako. Nikamsogelea nikamnong'oneza.

"Shangazi, tukitoe hicho kitambaa."

"Mbele ya mgeni? Kitu changu kikae uchi?"

"Kitapata joto."

"Mbona televisheni haipati? Kaa unywe chai."

Kubishana na shangazi mbele ya mgeni ni utovu wa adabu, na kwetu adabu ilitangulia kompyuta. Nikakaa. Shangazi alikuwa ameshuka ukurasa wa pili, vidole vinakwenda kama mvua kwenye bati, mkuu wa shule anatikisa kichwa kwa kuridhika, na ndipo kioo kikawa cheusi.

Shangazi alibaki na mikono juu ya kibodi. Nikaenda, nikatoa kitambaa bila kumwomba mtu ruhusa, nikagusa plastiki, ikanichoma. Humo ndani kuna kifaa kinachokata umeme chenyewe joto likizidi, na kilikuwa kimefanya kazi yake. Nikamweleza mkuu wa shule hivyo hivyo, kwamba haijafa, inapumua, na ikipoa itawaka.

"Na mtihani wangu?" akauliza taratibu.

Nikamtazama shangazi. Kuhifadhi nilikuwa nimemfundisha, na alikuwa amenielewa vizuri. Lakini mtu aliyelelewa na taipureta, kwake herufi iliyopigwa imekwisha pigwa, iko kwenye karatasi, nani ataiondoa? Macho yake yaliniambia kwamba hakuhifadhi hata mstari.

"Umepotea, mwalimu," akasema. Hakunisingizia mimi wala hakuusingizia umeme. "Nimeupoteza mimi."

Mkuu wa shule aliweka kikombe chini. Akasema anamheshimu sana, ila mtihani ni kitu cha siku na saa, hauwezi kuzimika watoto wamekaa darasani. Akaanza kutafuta kofia yake. Nami nilijua akitoka na kofia ile kichwani, shangazi atarudi uani kwenye mchele wake na safari hii hatatoka tena.

Shangazi akainuka, akamsogezea sahani ya karanga.

"Mwalimu, maliza chai tu. Chai haikatazwi."

Ukimwalika Mtanzania amalizie chai huwezi kukataliwa, hata na anayekuja kukunyima kazi. Akakaa. Nilipepea kitako kwa kipepeo cha mkaa, mbele ya mgeni, bila aibu, mpaka kikapoa. Nikawasha. Taa ya kijani. Shangazi akasema bismillahi, akaanza upya.

Nimeona watu wengi wakipiga chapa, sijaona vile. Hakutazama kibodi hata mara moja. Macho kwenye mwandiko wa mwalimu, mgongo wima, na kila mwisho wa aya anahifadhi, ananitupia jicho, anaendelea. Mkuu wa shule alikuwa bado na karanga mkononi printa ilipoanza kulia. Akazisoma kurasa zote akiwa amesimama, akatafuta kosa, akatafuta tena, hakuliona.

"Wa muhula ujao utaupata Jumatatu," akasema. "Na wa kidato cha nne."

Alipoondoka mimi na shangazi tulivutana kuhusu kitambaa mpaka jua likazama. Yeye anataka kifunike, mimi nataka upepo. Mwisho nikakunja waya mnene nikatengeneza kichanja kama kawa la chakula, kikasimama mbali na matundu, na kitambaa kikatandazwa juu yake. Tangu hapo kila kitako nilichotengeneza Dodoma kilitoka na kichanja chake. Wateja walidhani ndivyo vinavyotoka kiwandani, na sikuwasahihisha.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimelala kwa shangazi, niko uani napiga mswaki. Mlango wa nyuma ukafunguka, shangazi akatoka amevaa sketi na blauzi ya kazini, viatu vya kisigino, mkoba begani. Nikamwamkia, nikamwuliza anakwenda wapi.

"Kazini."

Akapita ubavuni mwa nyumba, akatokea barabarani kwa mbele. Nikamsikia jirani akimwuliza mbona mapema hivyo, naye akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka uani kwamba samahani, hawezi kusimama, anachelewa kazini. Kisha akafungua mlango wa mbele, akaingia sebuleni, na nikasikia kiti kikivutwa.