Skola wa Kwenye Picha

Enzi zetu, wenzangu, uongo ulihitaji stempu. Leo binti yangu anajibadilisha sura mara tatu kabla ya chai ya asubuhi. Sisi tulipanga foleni studio, Songea mjini, tukaazima viatu vya mchuchumio, tukasimama kando ya ndege iliyochorwa ukutani. Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, mitumba imejaa sokoni, nami, Skola wa Maposeni, nikavaa koti la baridi ya Ulaya nikatabasamu kama niliyeshuka angani sasa hivi.

Picha hiyo niliipeleka gazetini, kwenye safu ya marafiki wa kalamu. Nikaandika kwamba napenda kuogelea, kusafiri na kusikiliza muziki. Kuogelea sikujua, safari yangu ndefu ilikuwa kwenda Peramiho kwa miguu, na redio ya baba ilitumia betri za kuanikwa juani.

Walionijibu walikuwa wengi. Nikamchagua Saidi wa Tunduru, mfanyabiashara wa madini kwa maelezo yake mwenyewe. Pichani alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, nami nikaridhika kuwa ni tajiri. Tuliandikiana mwaka mzima. Yeye kila barua alikuwa anajiandaa kwenda Bangkok. Mimi kila barua nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuogelea.

Siku moja akatokea, ameitangulia barua ya kunijulisha kwamba anakuja. Nilikuwa uani, miguu peku, napukuchua mahindi. Kijana mwenye vumbi la basi hadi kwenye nyusi akapiga hodi, akamuulizia Skola.

"Amesafiri," nikamwambia. "Yuko Dar es Salaam."

Akanywea, akatua chini mfuko wake wa korosho. Ndipo mama akaita kutoka jikoni: "Skola, mgeni umempa maji?"

Nilitamani kuingia ndani ya gunia. Saidi akavuta kigoda, akaokota gunzi lenye mahindi.

"Na mimi madini siuzi," akasema. "Nachekecha mchanga wa watu. Ile miwani ni ya mpiga picha."

Alikaa kwetu siku mbili, akilala chumba cha kaka zangu, na mama akamzoea hata akawa anamtuma maji. Barua zilizofuata zilikuwa fupi, maana ukweli hauna maneno mengi. Hatukuoana, msianze. Yeye alioa kwao Nalasi, hukohuko Tunduru, mimi nikaolewa mjini. Lakini mama alipofariki, Saidi alipanda basi akaja, akashika sepetu kaburini pamoja na kaka zangu.

Binti yangu ana marafiki maelfu mtandaoni. Alipougua majuzi walimtumia mioyo na viganja vya kumwombea. Uji haukuja hata kikombe kimoja. Nikamuuliza, kati ya hao wote, nani anaijua njia ya kufika hapa nyumbani. Akanijibu, macho kwenye simu, kwamba atawatumia lokesheni.

Alituma. Hii ni wiki ya tatu, na hodi bado sijaisikia.