Kichwa cha Msusi

Mtaani walimwita Cheko, kwa sababu aliyeketi kwenye kiti chake kusukwa aliinuka mbavu zikimuuma kwa kucheka. Alipojifungua kwa upasuaji, akiwa amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, utani ulimwisha. Kila akikaa, kichwa kilitaka kupasuka. Akilala chali, kinatulia.

Kliniki, tabibu alimpima presha, akaikuta sawa. "Ni uchovu wa uzazi, mama. Pumzika, unywe maji mengi." Akampa vidonge. Wala si ajabu; maumivu ya namna hiyo mara nyingi huisha yenyewe.

Ya Cheko yalibadilika. Sasa hata akilala hayakumwachia. Akarudi kliniki, akaongezewa vidonge. Asubuhi moja dada yake, aliyekuja kumsaidia kulea, alimkuta anamfunga mtoto nepi juu ya suruali.

"We Cheko, ndio mzaha gani huo?"

"Mzaha?" alijibu, ulimi mzito. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, wala hakukitazama.

Dada hakumngoja shemeji yake, mume wa Cheko, arudi kutoka kazini. Alimbeba mtoto, akamkokota mdogo wake hadi kwenye teksi, wakaenda hospitali kubwa.

Daktari aliuliza, "Mwanzoni akilala alipata nafuu?"

"Alipata," dada akajibu.

"Na sasa?"

"Alale, akae, yaleyale."

Daktari akamgeukia dada. "Maji yanayouzunguka ubongo huenda yamekuwa yakivuja pale alipochomwa sindano. Yakipungua, ubongo hushuka, vishipa vya damu huvutika hadi vikakatika. Kwa kuwa sasa hata akilala hapati nafuu, nahofia damu inavuja ndani ya fuvu. Apigwe picha ya kichwa sasa hivi."

Picha ikaonyesha damu imejikusanya upande wa kushoto. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji.

Mumewe, fundi rangi, alifika akihema, mikono imejaa chokaa. "Shemeji, si kichwa tu kilikuwa kinamuuma?"

Dada alimshika mkono, akamketisha. Walikaa kwenye benchi, mtoto akilia njaa, na kila mlango ulipofunguka walisimama wote wawili.

Alipozinduka, nusu ya kichwa imenyolewa, Cheko alijipapasa. Maneno yalitoka kwa shida. "Nani kaninyoa vibaya hivi?"

Mumewe aligeukia ukutani akalia.

Vidole vya kulia vilichelewa kupata nguvu. Kwa miezi alisuka mistari minene tu, wateja wakamvumilia. Tabibu wa kliniki alikuja nyumbani kumwomba radhi. Siku hiyo Cheko hakutania. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampakatisha mtoto.