Mama Dede, shahidi wa hatua za kwanza za watoto wa wenzake

Saa moja asubuhi, mlango wa chumba cha kwanza unasukumwa kwa kiwiko, maana mikono ya anayeufungua imejaa. Kulia kabeba mtoto, kushoto kabeba mtoto, na begani unaning'inia mkoba wa nepi.

"Karibuni kazini, waheshimiwa," anawaambia. Waheshimiwa wanamjibu kwa mate.

Hapa wote wanamwita Mama Dede. Jina lake la kuzaliwa ameomba lisiandikwe gazetini, na sababu anayo.

Shule hii ya watoto wadogo ina vyumba vinne vilivyopangwa kwa umri. Cha mwisho ni cha wanaokaribia darasa la kwanza, wenye madaftari na maneno mengi. Cha tatu kina watoto wa miaka mitatu, ambao huuliza "kwa nini" mpaka mwalimu wao akatamani likizo. Cha pili ni cha waliokwisha kujua kutembea, wanaogombea ndoo moja ilhali ndoo zimejaa chumbani. Cha kwanza ni cha Mama Dede: wanaolala, wanaokaa, wanaotambaa na wanaosimama dede.

Mtoto akishatembea sawasawa, anahamishiwa chumba cha pili. Siku chache tu baadaye, akipishana na mlezi wake wa zamani uani, anampita kama anavyompita mtu yeyote.

"Kazi yangu ni kufundisha watu kunikimbia," anasema Mama Dede, na kucheka. Ameifanya kwa miaka ishirini na miwili, kwa mshahara ambao mwenyewe anasema hupita mkononi bila kusalimia.

Sakafu ya chumba imetandikwa sponji. Ukutani kipo kioo kirefu, kimefungwa chini kabisa ili anayetambaa ajione. Kando yake kuna benchi fupi lililopigwa msasa kila pembe, na hapo ndipo wenye miezi tisa, kumi, kumi na mmoja hushikilia na kwenda upande upande.

"Mtazame vidole vya miguu," anaeleza, akimwonyesha binti mmoja aliyeng'ang'ania benchi. "Akiikamata sakafu kwa vidole, bado ana hofu. Siku akivilegeza, kaa tayari."

Kila mtoto na wakati wake, anasema. Wapo wa miezi tisa, wapo wa mwaka na nusu, na wote hufika. Mzazi akilalamika kwamba mtoto wa jirani ameshatembea, humwambia asiwe na haraka, maana anayewahi kutembea huwahi pia kuvunja vyombo.

Mtoto anayeshinda hapa kutwa, hatua ya kwanza mara nyingi huipigia hapa. Mama Dede huiona, na humwambia nani? Hamwambii mtu.

"Tunanyamaza," anasema kwa sauti ya chini. "Jioni mama yake akija namwambia, hebu mwangalie leo nyumbani, naona miguu inamwasha. Kesho asubuhi anakuja mbio: 'Mama Dede, ametembea!' Na mimi naruka naye juu."

Huo si uongo?

"Uongo uko wapi? Nimesema miguu inamwasha. Kwani haikuwa inamwasha?"

Ndiyo maana hataki jina lake gazetini. Wazazi wa watoto hawa, anasema, wataanza kuhesabu nyuma siku zile za miguu kuwasha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa msichana mwenye furaha nyingi na ulimi usio na kufuli, alimpokea mama mmoja mlangoni kwa vifijo: mwanao katembea tangu asubuhi! Yule mama alitabasamu, akashukuru, kisha akakaa kwenye ngazi na kulia.

"Sikumwelewa. Nikasema moyoni, huyu naye, si afurahi?"

Miaka miwili baadaye alikuwa na binti yake mwenyewe, ambaye alimwacha kwa mama mkwe ili aje kulea wa wenzake. Jioni moja alifika nyumbani, akaambiwa kabla hajavua viatu: mwanao leo kavuka chumba kizima.

"Nilicheka, nikapiga makofi. Halafu nikaenda bafuni. Malipo ni hapa hapa duniani."

Binti huyo sasa ni mtu mzima. Anaishi mji wa mbali, anauza katika duka la vipuri, na ana mtoto wa kiume wa miezi kumi na mmoja. Mama Dede anamwita "mume wangu", na amemshika mara moja tu, alipozaliwa. Shule itafungwa baada ya wiki tatu, na hapo ndipo atasafiri. Anachotaka hakifichi: hatua ya kwanza ya mjukuu huyu iishie mikononi mwake.

"Si watakutumia video?" mlezi wa chumba cha pili, aliyeleta maji, anamtania.

"Video ina mikono?"

Saa sita mchana watoto wamelala. Simu inaita, ni binti yake, na sauti inasikika chumba kizima.

"Mama, huyu mtu ananisumbua. Kila nikimweka chini anashika kaunta, anataka kuachia. Nimwache, au niendelee kumbeba mgongoni? Naogopa ataanguka."

Mama Dede anajua, kuliko mtu yeyote aliye karibu na simu hiyo, kwamba anayebebwa kutwa huchelewa kidogo. Wiki tatu si nyingi.

"Anashika kwa mikono miwili au mmoja?"

"Mmoja. Na huo wenyewe ni kwa kidole."

Anafumba macho.

"Mvue soksi. Mweke chini. Ondoa vitu vyenye ncha, kisha kaa mbele yake."

"Lakini mama, si ulitaka tukusubiri?"

"Mtoto hasubirishwi. Mweke chini, mwanangu. Na duka lifunge kidogo, ukae naye wewe mwenyewe."

Simu ikikatika, anabaki ameishika. Macho yamemjaa machozi, na hayafuti.

"Jibu la pili nilikuwa nalo mdomoni," anasema. "Lilikuwa tamu kweli."

Mtoto mmoja anaamka; Mama Dede anamwinua, anampigapiga mgongo. Kisha anasema kwamba amemwomba mwalimu mkuu aiongeze likizo yake ifike mwezi mzima, na amekubaliwa. Atakwenda hata kama atamkuta mjukuu anakimbia.

"Mtoto wa mwaka mmoja ukikaa naye mwezi, anakujua," anasema. "Anajua harufu yako, anajua unavyokohoa. Na akishakujua, siku ukibeba begi lako anaona."

Anamhamishia mtoto bega la pili.

"Siku hiyo nataka anililie."