Koti Nililolishona Mimi

Sina haja ya kuzunguka: nilimwonea jirani yangu wivu, na mpaka leo nikisikia mtu anamsifu kwa ucheshi, roho inaniuma. Wanaodhani wivu unakwisha mtu akizeeka, wasubiri wazeeke.

Siku hizo za Mwingereza tulikuwa mafundi cherehani watatu kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Same, karibu na stesheni. Mimi na huyo jirani tulitoka Suji, nyumba zetu zinatenganishwa na mfereji tu, na ushonaji tulijifunza pamoja. Wa tatu alikuwa Mgweno wa Shighatini, mtu mpole, anayecheka hata ukimwambia mvua imenyesha. Upepo ulitupiga vumbi toka asubuhi, tukashinda tunatema mchanga na kukung'uta vitambaa vya watu.

Ndani ya duka palikuwa na meza ya kukatia. Mkataji hali vumbi. Yeye anakata, sisi wa nje tunashona. Mkataji wetu alipoaga kurudi kwao Tanga, tajiri alisema atatuangalia kwanza, kisha amwingize mmoja wetu. Meza ile niliitaka kuliko kitu chochote. Mama alikwishatangaza Suji nzima kwamba mwanawe ataingia ndani, na mimi sikumkataza.

Sasa koti. Mzee mmoja wa milimani, kifua kipana kama mlango, alileta kitambaa kizito cha sufu. Nikampima mimi, nikamshonea mimi, upande wa bega la kushoto nikauteremsha kidogo kwa sababu bega lake lilikuwa limelala. Kisha mzee akapotea miezi mingi. Koti likabaki msumarini pale mlangoni, limejaa kama lina mtu ndani. Asubuhi moja nilichelewa kazini, nikapita mbele yake, nikainama: "Shikamoo, bwana mkubwa." Mgweno, bila kuinua macho, akajibu kwa sauti nzito: "Marahaba." Tulicheka mpaka cherehani zikasimama.

Naomba ijulikane kwamba niliyeanza ni mimi. Jirani wakati huo hata hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya cherehani.

Aliporudi tukamsimulia, na hapo ndipo nilipojiponza. Toka siku ile bwana mkubwa akawa anaombwa ruhusa ya kwenda kula. Sindano ikivunjika, bwana mkubwa kaikalia. Mteja akiuliza nguo yake, jirani analigeukia koti, anatega sikio, anatikisa kichwa: "Anasema uje Alhamisi." Watu wanaosubiri treni wakawa wanakuja barazani bila hata kipande cha kitambaa, kumsikiliza tu. Mimi wananiuliza, "Yule mwenzako wa koti yupo?" Mwenzangu wa koti, ati!

Iliyonichoma zaidi ni suruali ya karani mmoja. Jirani aliishona mguu ukapinda, hata karani alipoivaa, yeye alielekea Tanga na mguu wa suruali ulielekea Moshi. Nikasema moyoni, leo kapatikana. Jirani akalitazama koti kwa masikitiko. "Bwana mkubwa," akasema, "si nilikuambia usinisemeshe nikiwa kazini?" Karani akacheka, akaichukua suruali hivyo hivyo. Siku hiyohiyo mteja wangu mimi alinirudishia shati kwa sababu ya kifungo. Kifungo kimoja!

Basi siku moja ya soko, baraza imejaa, yule mzee akaja. Aliketi kimya kwenye benchi nyuma ya watu. Nililijua bega lile mara moja, nikanyamaza, maana jirani alikuwa katikati ya vituko vyake na tajiri alikuwa ametoka mlangoni kumsikiliza.

"Shikamoo, bwana mkubwa," jirani analiambia koti. "Mbona leo tumbo limepungua? Au mama kakunyima ugali?"

Watu mbavu hawana. Mzee akainuka, akapenya katikati yao, akalitoa koti msumarini, akalivaa, akafunga kifungo kimoja baada ya kingine. Kila mtu akatambua ni nani. Hata Mgweno hakucheka. Mimi nilifurahi, sifichi. Nilijiambia kwamba meza imekuwa yangu.

Mzee akamtazama jirani juu mpaka chini.

"Marahaba," akasema. "Na mama hajaninyima."

Kicheko kilichopasuka pale sijapata kukisikia tena. Tajiri aliegemea mlango akifuta machozi. Mzee akamshika jirani mkono. "Na koti limenikaa, fundi," akamwambia. "Hata hili bega langu bovu umelijua. Ahsante sana."

Bega! Miezi yote ile mzee alikuwa amesahau ni nani aliyempima. Jirani akaacha kucheka. "Mzee, si mimi," akasema. "Aliyelishona ni huyu hapa." Alisema kweli, tena kwa uso mkavu kabisa, na watu wakacheka upya wakidhani bado anatania. Akarudia, wakazidi. Mzee akanipigapiga mgongoni kama mtu anayemwonea huruma anayefanyiwa mzaha. Hata nafasi nzuri ya kumchukia jirani sikuipata. Jioni tajiri akamwita ndani, akampa mkasi wa kukatia.

Nilipopata ruhusa nikapanda Suji. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba meza amepewa jirani. Nilingoja anisikitikie. Akaweka kisu chini, akaanza kucheka.

"Mtoto yule!" akasema. "Mama yake kanidokezea habari ya koti, lakini yeye mwenyewe kicheko hakikumwacha amalize. Hebu nisimulie wewe uliyekuwepo."

Nikamsimulia. Nilianza mwanzo wenyewe, nilivyochelewa, nilivyoinama, nikamwambia wazi kwamba utani ni wangu na koti ni langu. Nikaenda nayo polepole mpaka kwenye ile "Marahaba" ya mzee. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia, kisha akachukua kisu chake na ndizi nyingine.

"Nitamngoja mwenyewe aje," akasema. "Wewe hujui kuisimulia."