Mbio Nilizomtengenezea Mtani Wangu

Mtani wangu aliponiomba nimtengenezee mbio, alikuwa ameinama chini ya meza akiokota maharage. Maharage hayo tulihesabia uhai wa wahusika wetu, na fundi simu, mwenzetu mmoja wa mchezo, alikuwa ameyamwaga kwa kiwiko.

"Wewe Mngoni," akasema kutoka huko chini, "mhusika wangu ni mjumbe wa mfalme. Hakuna wa kumshika kwa mbio. Miezi yote hii unamkalisha kwenye vikao kama mwenyekiti wa mtaa. Mpe njia akimbie."

Tulikuwa wanne, na mchezo wetu ulikuwa wa kusimulia. Mmoja anakuwa msimulizi, anabuni nchi yenye majoka na wachawi, na wengine kila mmoja anakuwa mtu wa nchi hiyo na kuamua atafanya nini. Pakiwa na jambo linaloweza kufaulu au kushindikana, unarusha dadu. Mchezo niliukuta kwenye simu, nikauchapisha steshenari ya Mwanjelwa, nikautafsiri kidogo kidogo nikiwa kazini, maana masjala yetu haina haraka. Kila Jumapili, kila mtu akishatoka kanisani kwake, tulikutana mtaa wa Forest, sebuleni kwa dada mmoja muuguzi, tukicheza kuanzia chakula cha mchana mpaka baridi ya Mbeya ituguse magoti. Mimi ndiye nilikuwa msimulizi. Mtani wangu, seremala, ndiye aliyetuchongea dadu ya pande ishirini kwa kipande cha mninga. Haikuwa sawasawa, ilipenda kuangukia tatu, na tulimsema kwa hilo bila huruma.

Yeye ni Mhehe wa Mafinga. Mimi ni Mngoni niliyezaliwa Mbeya, na Kingoni changu ni cha kuombea maji. Lakini utani hauulizi unajua lugha kiasi gani. Siku alipokuja kufunga rafu ofisini kwetu alinitukana kabla hajanisalimia, nami nikajua nimepata ndugu. Alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Hata mguu huo niliutania. Tukitembea pamoja niliwaambia watu, "Tumsubiri Mhehe, bado yuko Makambako." Naye alijibu, "Nyie Wangoni mlifika huku mnakimbia. Mimi nilikuwa kwetu, nina haraka gani?" Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini niliamini ninaruhusiwa kila kitu.

Mwaka mmoja kabla ya zile mbio, shangazi yake alifariki Igowole. Nilikwenda kama mtani anavyopaswa kwenda. Niliwazuia wachimba kaburi mpaka wanilipe, nikalia kilio cha uongo kuliko wafiwa, nikavaa kofia ya marehemu na kudai uji wake. Wazee walicheka huku wanafuta machozi. Tulipokuwa tunarudi, gari likipita katikati ya misonobari, mtani wangu alinisimulia habari ya mguu wake. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao. Siku hiyo walikuwa wanashusha magogo, na mnyororo uliofunga mzigo ukaachia. Hakukumbuka maumivu. Alikumbuka mlio wa mnyororo, pingili kwa pingili, halafu kimya kifupi, halafu magogo.

"Niliruka kushoto," aliniambia. "Kulia kulikuwa wazi kabisa. Mpaka leo nikifumba macho kitandani naruka kulia."

Alinisimulia yote bila kunitania hata neno moja, na hilo peke yake lingetosha kunionya.

Basi nikaanza kutengeneza mbio. Nilikuwa nimeshajaribu mara mbili huko nyuma na zote zilidoda. Msimulizi asiyejua hufanya mbio ziwe dadu dhidi ya dadu: nakimbia, nakufuata, nakimbia tena, mpaka watu wanapiga miayo. Safari hii nilifikiri. Nilichora njia kwenye karatasi nne nikaziunga kwa gundi. Umbali kati ya mkimbiaji na wanaomfuata ungehesabiwa kwa maharage: akifanya vizuri anaongezewa moja, akikosea linaondolewa. Kila hatua niliiwekea jambo la kuamua. Kuna mto, apite darajani ambako kuna walinzi au avuke penye mawe? Kuna soko, ajifiche kwenye magunia ya viazi au apindue meza za watu? Nilijua kwamba mbio zinanoga mtu akichagua mwenyewe, halafu uchaguzi wake umfikishe mahali.

Nilijua hivyo, na bado nikafanya nilichofanya. Nilikuwa nimeshaandika sura inayofuata, mjumbe akiwa gerezani mbele ya malkia wa adui. Niliipenda sura hiyo kwa kiburi cha mtu ambaye kazini haandiki chochote ila namba za majalada. Ilibidi akamatwe. Kwa hiyo mwisho wa njia nikahitaji kitu kikubwa cha kumwangusha, na nilipotafuta kichwani, kitu kikubwa kilikuwa kimekaa tayari. Nikachora msitu, nikachora mkokoteni wa magogo juu ya mteremko. Kwenye daftari nikaandika, na daftari hilo ninalo mpaka sasa: "Upande wowote atakaochagua, magogo yatamfikia."

Nilijiambia ninampa zawadi. Atasimama tena mahali pale, atachagua tena. Sijui nilijidanganyaje hivyo wakati jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili hiyo alicheza kuliko siku zote. Alivuka mto penye mawe. Sokoni alikataa kupindua meza, akasema wale ni watu maskini wa mfalme wake, akaruka juu ya magunia. Dadu ilimpa kumi na saba, halafu kumi na tisa, ile ile dadu ya tatu tatu. Alikuwa amesimama, ameegemea meza kwa mikono miwili, anapumua kama anakimbia kweli. Dada muuguzi aliacha chai ikapoa. Maharage mbele yake yalifika manane, na kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe, kwenye kumi angekuwa ameponyoka.

Hapo nikamwingiza msituni. Nikashusha sauti, nikaiga mlio wa mnyororo kwa kugonga kijiko kwenye kikombe, pingili kwa pingili. Halafu nikanyamaza kidogo, kama alivyonieleza. "Magogo yanakuja," nikasema. "Unaruka kushoto au kulia?"

Alinitazama. Nilidhani ni furaha ya mchezo. Fundi simu akamwambia, "Sema basi, kaka."

"Kulia," akasema. Akarudia, polepole, "Mimi naruka kulia."

Nikamwambia magogo yameteremka kulia. Nikaeleza mguu ulivyobanwa. Nikayachukua maharage yake yote manane kwa kiganja kimoja.

Akauliza, "Na kushoto kulikuwaje?"

"Kote sawa," nikamjibu, nikicheka. "Ungechagua popote, Mhehe, ulikuwa wangu."

Akacheka. Na mimi nataka kusema ukweli kuhusu kicheko hicho: kilikuwa kirefu, cha sauti, chenye kugonga meza. Mtani akikuchoma hadharani hununi. Ukinuna umeshindwa, na ukoo wako mzima umeshindwa pamoja nawe. Nilikichukua kicheko chake nikaenda nacho nyumbani kama sifa. Usiku nilikosa usingizi kwa kujipongeza.

Jumapili iliyofuata alisema ana kazi ya milango. Iliyofuata alikuwa na mafua. Baadaye tukasikia amehamia Mafinga, amefungua karakana yake karibu na barabara kuu. Katika kundi letu la simu aliandika ujumbe mmoja wa kuaga, mzuri, wenye kutuombea baraka. Dadu alituachia.

Aliyenifumbua macho ni dada muuguzi. Siku moja tukiwa wawili, kabla fundi simu hajafika, aliniuliza ule mlio wa kijiko niliutoa wapi. Nikamweleza. Aliweka chini sufuria aliyoshika.

"Alikwambia mkitoka kuzika," akasema. "Wewe ukaenda kuchezea."

"Ni mtani wangu," nikasema.

"Ndiyo. Sasa angekukasirikia saa ngapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, aibu ambayo ingenifaa miezi mitano nyuma.

Nikaanza mbio nyingine, peke yangu. Nilifuta ule msitu, nikauchora upya. Kila njia panda niliiwekea upande unaopona, na pale kwenye magogo niliandika kwa wino: kulia ni wazi. Nilihakikisha kwa kuzicheza mwenyewe, nikirusha dadu ya mninga, na mara nyingi mjumbe aliponyoka. Sura ya malkia nikaichana. Kisha nikachukua likizo ya siku mbili, nikapanda basi la asubuhi kwenda Mafinga, karatasi zikiwa zimekunjwa ndani ya koti, na njia nzima nikawa natunga matusi atakayonipokea nayo na majibu nitakayompa.

Nilimkuta anapiga randa mlango. Maranda yalimfika vifundoni. Nikasimama mlangoni, nikamsalimia kwa lugha yao kama nilivyomzoesha, kwa matamshi mabovu ya makusudi: "Kamwene, mzee wa Makambako."

Alizima redio, akajifuta mikono. "Karibu, kaka," akasema. "Habari za Mbeya? Pole na safari."

Akanitolea kiti kizuri, kipya, akakifuta vumbi. Akaagiza chai. Akaniuliza afya ya mama yangu. Nikajaribu tena, nikamwambia mlango wake umepinda kama dadu yake. Akautazama mlango, akasema, "Inawezekana, kaka. Nitapima tena."

Basi nikayatoa yaliyonileta. Nilimwambia nilikosea, kwamba ile habari haikuwa yangu, kwamba niliifunga njia kote kote nikijua. Nilimwomba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu anayepokea maelekezo ya kazi.

"Ah, ule si ulikuwa utani," akasema. "Utani hauna kosa. Ningekusamehe nini?"

Nikatoa karatasi, nikazikunjua juu ya benchi lake la kazi, nikamwonyesha mto, soko, msitu. Nikaweka kidole pale nilipoandika. Alisoma. Alipitisha kiganja juu ya ile sehemu, taratibu, namna anavyopapasa ubao kuona kama umelainika.

"Umechora vizuri," akasema. Akazikunja kwa kufuata mikunjo ile ile, akanirudishia kwa mikono miwili.

Alinisindikiza mpaka kituoni, anachechemea kando yangu, nami nikipunguza mwendo. Kipande kizima cha barabara nilingoja aniambie Wangoni tulikuja tunakimbia. Basi liliposimama alinishika mkono, akanishukuru kwa kuja, akaniomba niwasalimie wote Mbeya.

"Safari njema, kaka," akasema, na akamwambia kondakta anitafutie kiti cha dirishani.