Yeye Nani?

Fundi wa nguo hakuwa mtu wa wivu. Ndivyo alivyowaambia wateja wake karibu kila siku, na wateja wakatazamana, kwa sababu asiye na wivu hana haja ya kuutangaza.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama barabara. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, anatoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Walizaa mapacha, mapacha wakakua, wakaenda kuanza maisha yao, na katika nyumba wakabaki Baba Mapacha na Mama Mapacha na kimya kingi. Fundi alikijaza kimya chake kwa redio. Mama Mapacha akajiunga na maktaba.

Angejiunga tu, kusingekuwa na neno. Lakini aliingia kikundi cha Alhamisi, na kikundi hicho kilisoma tafsiri peke yake: vitabu vilivyoandikwa huko kwa watu, vikavishwa Kiswahili. Hawakuchagua. Leo mapenzi, kesho mizimu, keshokutwa mashairi, wiki ijayo watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota. Na Mama Mapacha alikuwa na tabia moja: hakusema "kitabu cha". Alisema Mbrazili, Mjapani, Mpolandi, kama vile wote wamepanga mtaa wa pili.

Ndiyo maana siku moja Fundi, pini tatu mdomoni, alimsikia mkewe akiongea na dada yake kwenye simu.

"Dada, nakwambia Mrusi kanimaliza. Jana nimekaa naye mpaka chai ikapoa. Mzee, ana maneno mengi, lakini nampenda yeye kuliko wote."

Fundi alitema pini. "Yeye nani?"

"Mrusi," alisema Mama Mapacha, akamwonyesha jalada.

Fundi alicheka, maana afanyeje. Kisha akapiga magoti kutafuta pini zake, na pale sakafuni akagundua kwamba bado anaumia. Afadhali angekuwa mtu. Mtu unamvizia, unamuuliza, hata mnashikana mashati. Sasa mzee wa Urusi aliyekwisha kufa utamshika wapi? Na kilichomuuma hasa ni kicheko. Mama Mapacha alikuwa na kicheko kimoja kinachoanzia puani, anakizuia kwa kiganja, kinamshinda. Miaka yote kilikuwa cha Fundi. Alikuwa akikipata kwa visa vya wateja: bibi harusi aliyenenepa ndani ya wiki mbili, bwana aliyetaka mifuko sita kwenye suruali moja. Siku hizi kicheko hicho kililipuka kutoka kwenye kiti cha pembeni, na aliyekileta alikuwa Mbrazili.

Juu ya hao wote kulikuwa na Karani.

Huyu alikuwa mtu hai, karani wa mahakama, mgane aliyefiwa na mkewe, sauti nzito kama ya msoma taarifa. Ndiye aliyewasomea wanakikundi kwa sauti. Mama Mapacha akirudi Alhamisi ni Karani kasema hivi, Karani kaona vile. Ubaya zaidi, Karani alikuwa mteja. Fundi alikuwa na kiuno chake ndani ya daftari la vipimo, inchi thelathini na nane, na katika suruali ya mwisho alimshonea thelathini na saba. Alijua ni utoto. Alilala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Kisha akaja Mswidi.

Mswidi aliandika kisa cha mauaji. Mama Mapacha alimsoma akikoroga sufuria, alimsoma akisuka nywele. Siku hiyo jioni Fundi alikuwa na kisa kizuri, cha mzee aliyeleta suti ya harusi yake ya zamani ipanuliwe ili aivae kumzika mkwewe aliyeipinga harusi hiyo. Alikihifadhi tangu asubuhi. Alikisimulia kwa mbwembwe zote, akafika mwisho, akasubiri.

"Mh," alisema Mama Mapacha, akafunua ukurasa.

Hiyo "mh" ndiyo iliyoleta balaa. Asubuhi yake, mke alipotoka kwenda kazini, na kitabu akakiacha mezani ili kisije kikamwagikiwa dawa, Fundi alichukua mkasi mkubwa wa kukatia sufu akaukata ukurasa wa mwisho. Aliukata vizuri, akaacha ukingo mwembamba, maana hata katika uovu mkono wa fundi haujui kuharibu. Akauficha ndani ya daftari la vipimo. Haya, tuone sasa Mswidi atamchekesha nani.

Raha hiyo ilidumu mpaka saa nne. Alikuwa anatia uzi kwenye tundu la sindano alipopata wazo. Mama Mapacha akifika mwisho akakuta hakuna mwisho, atamuuliza nani? Atamuuliza aliyekisoma kabla yake. Na aliyekisoma kabla yake ni Karani. Watakaa pembeni, Karani atashusha ile sauti yake na kumsimulia, yeye peke yake, taratibu. Fundi alikuwa amekata kwa mkono wake mwenyewe karatasi ya kuwakutanisha.

Akautoa ukurasa ili ajue kuna nini huko. Palikuwa na sebule. Bwana daktari na mjane wa marehemu wamekaa kochi moja, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Inspekta akanyoosha kidole. "Ni yeye," alisema. Na yule aliyenyooshewa akaweka kikombe mezani, akatabasamu, akaomba koti lake. Basi, imekwisha.

"Yeye nani?" Fundi aliiuliza cherehani.

Akakifungua kitabu mwanzo.

Alikusudia kuchungulia kurasa mbili tatu. Mteja wa saa sita akakuta blauzi yake haina mikono. Wa saa nane akaambiwa umeme ulikatika, na redio inaimba nyuma yake. Saa tisa na nusu Fundi alikirudisha kitabu mezani, palepale, kimeelekea vilevile, na kesho yake akakichukua tena. Hakuwa mwepesi wa kusoma. Alifuata mistari kwa kidole. Kila Alhamisi alimngoja mkewe mlangoni.

"Umemmaliza Mswidi?" aliuliza, kama mtu asiyejali.

"Bado. Nimechoka na zamu, nasoma kidogo kidogo."

Alhamisi ya pili, vilevile, bado. Fundi alishukuru bahati yake. Wiki ya tatu akafika mwisho, akakaa ameshika kitabu kifuani, hasira zote zimempotea njiani asijue wapi. Akatunga uzi mweupe kwenye sindano yake nyembamba kuliko zote, akaushona ukurasa kwenye ukingo wake kwa mishono midogo ya kulala, ile ambayo mtu wa kawaida haioni.

Mama Mapacha hakuwa mtu wa kawaida. Aliolewa akiwa amevaa gauni lililoshonwa kwa mishono hiyo. Jioni alikifungua kitabu mwishoni, akapitisha kidole kwenye mshono, akamtazama mumewe.

"Umechelewa," alisema.

Fundi alijifanya anatafuta mkasi.

"Baba Mapacha, mimi kitabu huanza na ukurasa wa mwisho. Nikishajua mwisho ndipo natulia. Huo niliusoma siku ileile nilipokiazima."

"Sasa... ulijua?"

"Nilijua umekatwa jioni ya siku ileile uliyoukata. Nikataka kukutoa roho. Nikakifungua nione umeharibu nini kingine, nikakuta chaki yako ya bluu ukurasa wa kumi na moja." Akafunua kumwonyesha: alama ya kidole cha fundi, pembeni ya mistari. "Kesho yake ikafika arobaini. Nikasema ngoja. Mkutubi ameshaniongezea muda mara mbili, ananiona mzembe. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Fundi aliona aibu mpaka masikioni. "Nilikuwa na wivu, mama. Na hao wageni wako. Na Karani."

"Najua. Nani asiyejua? Karani mwenyewe anajua, hawezi kukaa chini." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Haya, nisaidie. Kikundi kizima tumegombana. Kwao Waswidi nadhani lugha inasema kabisa kama ni mwanamume au mwanamke. Mfasiri katuletea 'yeye', hata hajui kama katuacha njia panda. Karani anasema ni daktari, na akishasema Karani, kila mtu anaitikia. Wewe umesoma chote. Yeye nani?"

"Mjane," alisema Fundi, bila kusita.

"Kwa nini?"

Fundi aliinuka. Alitundua shati lake na blauzi ya mkewe kwenye misumari, akavitandaza mezani. "Mfagizi wa barabara, ukurasa wa thelathini na moja. Aliona mtu kwenye ukungu, koti refu jeusi, mkasema daktari. Lakini mtu huyo alikuwa anafunga koti, vifungo viko kushoto kwake. Tazama shati langu: kulia. Tazama blauzi yako. Lile ni koti la kike. Na mwishoni anaomba koti lake. Karani ana sauti, lakini hajawahi kushona kifungo."

Mama Mapacha alitazama shati. Akatazama blauzi. Akaweka kiganja mdomoni, na kicheko kikaanzia puani, kikamshinda, kikatoka chote, mpaka mpita njia akageuka dirishani. Fundi alikisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nimpigie Karani," alisema Mama Mapacha akifuta machozi, mkono tayari kwenye simu.

Wivu ulimchoma Fundi palepale, mbichi kabisa. Akaumeza.

"Mpigie," alisema. "Na umwambie alete ile suruali, nimwachie inchi yake."