Mama Chujio na Safu ya Sababu

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwa seremala mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na nane amekaa mbele ya kompyuta, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya. Wa kushoto umeshika daftari lililofunikwa karatasi ya kaki, kama la mtoto wa shule.

Ndani ya daftari hilo kuna matusi matupu.

Anachagua moja, analichapa kwa kidole kimoja, anabonyeza, kisha anageuza uso ukutani kabla kioo hakijajibu. Akichungulia, anakuta maandishi mekundu: ukurasa umefungwa na msimamizi. Anatia alama ya vema na kuhamia tusi la pili.

"Mlango usipousukuma utajuaje umefungwa?" anasema. "Siku moja mwenye nyumba aliingia na wageni, akanikuta nimeandika neno ambalo siwezi kukutajia. Nikamwambia niko kazini. Wale wageni hawajaniamini mpaka leo."

Wateja wanamwita Mama Chujio. Kazi yake ni kuingia majumbani na kupanga kompyuta za familia ili watoto wasiangukie yasiyowafaa. Mtoto anamfungulia akaunti yake, isiyo na ruhusa ya kubadili kitu. Ya msimamizi anaiwekea nywila na kumkabidhi mzazi. Anawasha utafutaji salama, anaorodhesha kurasa za kufunga, anapanga na saa za kutumia.

Kwa wiki hupata kompyuta nane, zikizidi sana kumi. Malipo ya moja hayafiki bei ya jozi ya viatu vya shule, na nyumba nyingine humlipa kwa ahsante na chai.

Kazi ikiisha, hutoa karatasi. Ameichora mistari kwa rula: ukurasa uliofungwa, tarehe, sababu. Hubandikwa ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo, mtoto naye akiwemo, anaweza kuisoma.

Leo seremala ana ombi la ziada. Anasogea karibu, anapunguza sauti. Mkewe, anasema, kila jioni anacheka na watu aliosoma nao, kwenye ukurasa wao wa kundi. Kuna mmoja humo anajifanya mchekeshaji. Je, fundi hawezi kuufunga na huo, kimyakimya, mama watoto adhani ni mtandao tu?

Mama Chujio hamkemei. Anamsogezea karatasi na kalamu.

"Nitafunga, baba. Ila hapo kwenye sababu andika wewe, kwa mkono wako."

Seremala anashika kalamu. Anaiangalia ile safu. Anakuna kichwa kwa kalamu, anaiweka mezani, anasema chai itakuwa imeshaiva.

Ile safu ya sababu haikuwepo tangu zamani. Ilizaliwa nyumbani kwa Mama Chujio mwenyewe, mwaka jana, na hadithi yake haimpi sifa. Anaisimulia hivyo hivyo.

Kabla ya ufundi, alikuwa mfagiaji wa ofisi kwa miaka kumi na tisa. Fundi wa kompyuta akija, yeye ndiye aliyemshikia tochi. Alianza kwa kushika tochi, akaendelea kwa kuuliza, mwisho fundi akawa anamwachia bisibisi na kwenda kuvuta sigara. Ofisi ilipofungwa, aliomba apewe kompyuta tatu zilizokufa, zikiwa njiani kwenda jalalani.

Kutokana na hizo tatu akaunda moja nzima. Kioo cha hii, moyo wa ile, waya za nyingine. Alimuundia mjukuu wake, binti wa miaka tisa anayeishi naye. Mama wa mtoto ni muuguzi wa zamu, baba yake anaendesha lori la masafa, kwa hiyo anayemwamsha mtoto, anayemkagua kucha na anayemsuka kila Jumapili ni bibi.

Basi kompyuta ikawaka. Na aliyeingia kupitia humo wa kwanza alikuwa mkwe wake.

Huyo ni bibi mzaa baba, mwalimu mstaafu, anayeishi mbali. Kila siku saa kumi alasiri sura yake ilitokea kwenye kioo, kilemba kimekaa sawasawa, sauti tamu ya mtu aliyezoea kusomea darasa. Alimfundisha mtoto kufuma kwa sindano mbili. Alimrekebishia mwandiko mpaka ukapendeza, na ni kwa mwandiko huo mtoto alikuwa akimwandikia Mama Chujio karatasi za wateja. Wateja wakausifu, na Mama Chujio akawa anajibu ahsante huku roho inamuuma, maana sifa zenyewe anazijua ni za nani.

"Nilijenga nyumba, mwenzangu akahamia," anasema. "Mimi nakohoa vumbi la kompyuta mbovu ili yeye aingie na kilemba chake."

Alianza kuhesabu. Yeye kwa siku alikuwa akiambiwa maneno mangapi? Shikamoo, nimeshiba, kitana kiko wapi. Mkwe alipewa yote ya shuleni, mpaka ugomvi wa kifutio. Alasiri moja alipeleka chai, akasimama mlangoni na kikombe. Mtoto alimnyooshea kiganja bila kugeuka.

"Ngoja kwanza, bibi wa hapa. Bibi anamalizia."

Bibi wa hapa. Kama mlinzi wa jengo. Chai akainywa mwenyewe, jikoni, imepoa na yeye amesimama.

Kesho yake, mtoto akiwa shule, aliingia kwenye akaunti ya msimamizi. Kwenye orodha ya kurasa zilizofungwa, katikati ya kamari na uchafu, akaongeza ukurasa wa kupigia simu za video. Kwa kuwa ni fundi, alijua mtoto angeona maandishi mekundu na kuelewa. Akayazima, pabaki peupe tu, kama intaneti imekatika.

Saa kumi ilipofika, pakawa peupe. Mtoto akauliza. Bibi akasema huko kwa mwenzake mtandao unasumbua.

Mkwe alipiga simu ya kawaida mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa kwa heshima zote kwamba mtoto ana mitihani, tena migumu, tusimchanganye. Mkwe akasema amsalimie. Salamu hazikufika.

Alasiri hizo mtoto alikaa naye jikoni. Mama Chujio anakiri zilikuwa siku nzuri. Walichambua mchele pamoja, wakachekeana. Alijiambia kwamba ameponya nyumba yake.

Alichosahau ni mazoea ya mkono wake mwenyewe. Kila kompyuta anayoipanga, huwasha taarifa ya kila wiki mbili: programu huorodhesha kila ukurasa uliofungwa ambao mtoto amejaribu kuufungua, siku na saa, pamoja na maneno aliyoyatafuta, na kumtumia msimamizi. Ya nyumbani aliiwasha siku aliyoiunda, na hakuwahi kuwa na sababu ya kuizima.

Jumamosi ya pili aliifungua akidhani ni ya mteja.

Ukurasa ulikuwa ule ule mmoja, juu mpaka chini. Saa kumi kamili. Saa kumi na dakika moja. Saa kumi na dakika mbili. Siku ya kwanza mara kumi na nne. Ya pili kumi na moja. Zikaenda zikipungua, mpaka Alhamisi, mara moja tu. Ijumaa hapakuwa na kitu. Alipoiona Ijumaa ile tupu, anasema, kwanza alifurahi.

Kisha akasoma mstari wa mwisho, sehemu ya maneno yaliyotafutwa. Mtoto alikuwa ameandika, bila kosa hata moja: *bibi akifa watoto huambiwa baada ya siku ngapi.*

"Niliisoma mara tatu," anasema. "Kumbe tunavyochambua mchele, mwenzangu anazika mtu moyoni. Na mimi nimekaa naye hapo nacheka."

Angeweza kufungua ukurasa kimya na kusema mtandao umerudi. Alifikiria hivyo, hafichi. Lakini kwa watu alikuwa amezunguka miaka miwili akihubiri karatasi kabatini, na nyumba pekee isiyo na karatasi ilikuwa yake. Akachora mistari. Ukurasa. Tarehe. Akaona hiyo haitoshi, akaongeza safu ya tatu, na ndani yake akaandika neno moja kwa mwandiko wake wa kombokombo. Akaufungua ukurasa wa simu, akamwita mtoto, akamfungulia kabati.

Mtoto alisoma. Akauliza kwanza kama bibi yule yuko hai. Akaambiwa yuko hai na anasalimia, salamu zina siku tisa. Akasoma tena.

"Wivu wa nini, bibi?"

"Wa saa kumi, mama."

Mtoto alilia kidogo, akaenda kuleta sindano zake za kufumia, akakaa mbele ya kompyuta kusubiri saa. Siku mbili hakumwomba bibi yake hata kitana. Jumapili alikwenda kusukwa kwa jirani. Kati ya yote, Mama Chujio anasema hilo ndilo lililomkata.

Saa kumi ya Jumamosi ile, kilemba kilipotokea, alikwenda yeye mwenyewe mbele ya kioo. Aliomba radhi kwa mkwe, akalitaja neno lile lile. Alitegemea kusomewa darasa.

Mkwe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Mkwe, wewe unamsuka. Mimi huyu namjua mpaka mabegani tu. Nimemfumia sweta mara mbili, mara zote nimekosea urefu. Unajua usiku nakuonea kijicho namna gani?"

Mama Chujio hakuwa amewahi kuwaza kwamba kuna mtu duniani anayeweza kumwonea wivu yeye. Anasema alitoka pale amevimba kichwa, haya ikiwa imechanganyika na raha.

Kesho yake alitoa kamera juu ya kioo, akairefusha waya na kuifunga kwenye mguu wa stuli, hatua nne nyuma. Mtoto akaambiwa asimame. Upande wa pili mkwe akapiga kelele kwamba miguu hii mirefu ni ya kwao. Mama Chujio akamjibu ni ya kwao yeye. Wanabishana mpaka leo.

Karatasi ya nyumbani bado imebandikwa kabatini. Mstari wa kwanza umekatwa kwa wino, lakini neno bado linasomeka. Mjukuu ndiye aliyekataa ing'olewe. Amerudi kuandika karatasi za wateja, sasa zenye safu tatu, na Jumapili amerudi kusukwa.

Kwa seremala, chai imekwisha. Karatasi inabandikwa ikiwa na kurasa za watoto tu. Seremala anaisoma, kisha anauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama na yeye anaweza kujiunga na lile kundi la mkewe.

"Muulize mwenye kundi," anajibu Mama Chujio, akifunga mkoba.

Mpango wake mwenyewe ni wa likizo ndefu ijayo. Mkwe anakuja kukaa mwezi mzima, na tayari amemtafutia kitanda. Anataka mtoto apimwe sweta akiwa amesimama, mwili mzima. Atampokea stendi, atambebea begi, ukurasa wowote atakaoutaka atamfungulia.

"Saa kumi ni yake, nimeshamwachia," anasema, akilisukuma daftari la matusi chini kabisa ya mkoba. "Lakini Jumapili asiniguse. Kichwa cha yule mtoto nasuka mimi."